Vijani vidogo kwenye vichwa vya kaktasi ndefu: jamani msikate, si ugonjwa

MicheBarabarani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandika roho ikiniuma. Nauza miche ya maua na matunda hapa Tanga mjini, kando ya barabara ya Pangani, mwaka wa tisa sasa. Leo asubuhi kaja mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi wa Chumbageni, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mna vichwa vitano vya kaktasi vimekatwa kwa kisu cha jikoni, vibichi, vinadondosha maji. Kaktasi yenyewe nilimuuzia mimi miaka mitano nyuma ikiwa na urefu wa shubiri moja. Sasa ilikuwa imeupita mlango wa nyumba yake, na ameitunza kama mtoto.

Kilichomfanya aikate ni kwamba masika haya vichwa vyote vilianza kutoa vijani vidogo vya kijani. Kuna mtu anapita majumbani kutengeneza bustani, akamwambia kaktasi haina majani, ukiona imetoa majani ujue imepata ugonjwa, ikate upesi kabla hujapoteza zote. Mama wa watu akakata. Halafu ndiyo akaja kwangu kuulizia dawa.

Dawa ya nini wakati mmea ulikuwa mzima? Tena ulikuwa katika siku zake nzuri kuliko zote za mwaka.

Huyu ni wa tatu tangu mvua zianze, ndiyo maana nikaona nifungue uzi. Naomba mnisome taratibu, maana jambo lenyewe ni zuri ukilijua.

Jirani yangu pale kibandani ni fundi saa. Nilimwomba ile lenzi yake anayobana jichoni, nikachukua kichwa kimoja kati ya vile vitano nikakitazama juani. Pale katikati kabisa, kileleni, kuna manyoya yamesongamana, rangi kati ya nyeupe na kahawia. Miiba michanga imesimama humo, bado laini, ukiigusa inapinda, na wekundu wake unakaribia kuwa zambarau. Chini ya kila fungu la miiba kuna kiulimi cha kijani. Kimoja tu kwa kila fungu. Hakifiki nusu ya punje ya mchele, kimenona, ncha imechongoka na ina wekundu kidogo. Hicho ndicho kijani chenyewe. Nikashuka vidole viwili chini ya kilele: kiulimi kipo lakini kimesinyaa, kimekuwa gamba la kahawia. Nikashuka tena: hakuna gamba, kuna alama tu, kama kovu la sindano.

Kwa hiyo kila fungu la miiba mnaloliona kwenye kaktasi ndefu, toka chini hadi juu, lilianza na kijani chake. Ni vile tu huwa vidogo mno na vinakauka mapema, macho yetu hayavioni. Mvua ikinyesha vizuri mmea unakimbia kwenda juu, vijani vinakuwa vingi kwa pamoja na bado havijakauka, ndipo mtu anashtuka.

Msivikate na msivipulizie dawa. Vitadondoka vyenyewe.

---

KijanaWaMakorora

Mkuu asante kwa uzi. Sasa mimi nina yangu nyumbani, ipo kwenye ndoo mlangoni. Majani yake si punje ya mchele, ni marefu kama nusu ya kidole, yamepangana kwenye kingo toka chini hadi juu, na hayadondoki. Imeshanipita kiuno. Hiyo nayo ni kaktasi?

---

MicheBarabarani

Kaka, hesabu kingo. Zikiwa tatu, na miiba imekaa miwili miwili kama pembe za mbuzi, basi hiyo si kaktasi kabisa. Ni yuforbia, yule anayeitwa Euphorbia trigona, ndugu wa damu na minyaa tunayozungushia uani. Hapa Tanga wauzaji wote, nami nikiwamo, tunaita kaktasi chochote chenye miiba na shina nene, kwa sababu mteja ndivyo anavyouliza. Lakini ni koo mbili tofauti.

Tazama sehemu miiba inapotokea. Kaktasi ina kile kifundo chenye manyoya, wataalamu wanakiita areoli, kama kile kimto kidogo ambacho fundi cherehani huchomekea sindano, na miiba yote inachomoka humo. Yuforbia haina hicho kifundo. Miiba yake imekaa juu ya kigamba kigumu.

Na nakuomba sana, usiikate ili kujaribu. Yuforbia ina utomvu mweupe kama maziwa ambao ukiingia jichoni ni hatari, mtu anaweza kushindwa kuona kwa muda. Watoto wa uswahilini waliochezea minyaa wanaujua. Kaktasi ndefu hizi zetu ukizikata zinatoa maji ya utelezi tu.

---

Mzee_wa_Mkonge

Ni kweli asemayo mtoa mada. Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya mkonge tumezungukwa na minyaa maisha yetu yote. Nenda kaiangalie minyaa wakati wa mvua, kwenye ncha za vijiti vichanga utakuta vijani vyembamba, vinakaa muda mfupi vinapukutika. Watu huapa kwamba minyaa haina majani, kwa sababu huutazama mti wakati wa kiangazi.

Na niongeze, maana wageni wengi wakifika Tanga huonyesha mkonge na kusema kaktasi. Mkonge si kaktasi wala si yuforbia. Ule mwiba mweusi wa mkonge upo kwenye ncha ya jani lenyewe, na jani ndilo tunalolikata kupata singa. Hata hivyo mkonge na kaktasi wana asili ya upande mmoja wa dunia, Amerika. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Hindorf mwaka 1893.

---

MicheBarabarani

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha marehemu babu, alikuwa mkata mkonge.

---

Sitaki_Porojo

Mtoa mada unatuchanganya. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba miiba ya kaktasi NDIYO majani, yamegeuka ili kupunguza upotevu wa maji. Iko kwenye vitabu. Sasa wewe unaleta jani na mwiba, vyote kwenye mmea mmoja, vimekaa pamoja. Kimoja kati ya hivyo ni uongo. Kama miiba ni majani, hicho kijani chako ni nini?

---

MicheBarabarani

Swali lako ndilo lililonisumbua miaka, hadi nilipolielewa kupitia mchungwa. Nipe nafasi nilieleze vizuri.

Siku ukipita Muheza, simama kwenye shamba lolote la machungwa, au hata shika tawi la mndimu hapo uani kwako. Tazama mwiba ulipotokea. Hautokei popote tu. Umechomoza kwapani mwa jani, pale kikonyo kinapokutana na tawi. Kwapa hilo ndilo makazi ya jicho la mmea, na jicho ni tawi ambalo bado halijazaliwa. Ukikata ncha ya mchungwa, matawi mapya yanatoka kwenye makwapa hayo hayo. Muhogo nao ni vivyo hivyo: pingili unayopanda inachipua pale jani lilipokuwa limekaa.

Sasa rudi kwenye kaktasi. Areoli ni jicho. Ni tawi fupi sana, halikurefuka, likabaki kifundo. Na kama lilivyo jicho lolote, limekaa kwapani mwa jani. Jani lenyewe ndicho kile kiulimi nilichokiona kwa lenzi ya fundi saa! Hilo ni jani la shina kubwa.

Kitabu chako hakikusema uongo. Miiba ni majani yaliyogeuka, lakini ni majani ya lile tawi fupi, ya hicho kifundo. Shina kubwa lina majani yake, nayo ndiyo hivi vijani. Kwa hiyo una majani ya vizazi viwili mahali pamoja. La mama ni laini na dogo na linakufa mapema. Ya mtoto yamekuwa miiba na yanabaki miaka. Ndiyo maana kijani kimekaa CHINI ya fungu la miiba wala hakikai juu wala katikati. Katazame, ukikuta kimekaa vingine njoo unisute hapa.

Na si maneno ya muuza miche peke yake. Mtaalamu wa mimea James Mauseth, wa Chuo Kikuu cha Texas kule Marekani, alichapisha mwaka 2007 utafiti wake juu ya kaktasi nyingi zinazosemwa kuwa hazina majani. Akaonyesha kwamba nyingi zina vijani vidogo, vingine havifiki milimita moja, vilivyo vikubwa milimita mbili na kitu. Na baadhi vimekamilika, vina mishipa ya kupitisha maji na vinyweleo vya kupumulia kama jani la mwembe.

---

Sitaki_Porojo

Nimetoka na tochi kwenda kuangalia ya jirani. Kipo chini. Kila fungu. Nimekubali, mkuu, na nashukuru kwa kunijibu bila kunikasirikia.

---

Bint_Lushoto

Jamani na mimi. Kwa shangazi yangu Lushoto kuna moja ndefu kama hizo mnazosema, imesimama kama mlingoti na matawi, lakini majani yake ni ya mviringo kama penseli, ya kijani kibichi, marefu kuliko kidole cha shahada. Na ina areoli, nimeangalia, ina manyoya. Ile nayo si kaktasi?

---

MicheBarabarani

Hiyo ni kaktasi halisi dada, na umenifurahisha. Inaitwa Austrocylindropuntia subulata, asili yake milima ya Andes upande wa Peru. Majani yake hufika sentimita 10 na zaidi, na hukaa kwenye sehemu changa muda mrefu. Ni ndugu wa mpungate. Chukua mpungate mchanga, lile bapa jipya likiwa bado na ukubwa wa kiganja cha mtoto: limejaa vijani kama vijipembe, kimoja kila kifundo, halafu wiki chache vimepukutika vyote.

Ila mwambie shangazi asiishike kwa mkono mtupu hata pale isipoonekana miiba. Ukoo wa mpungate una vijimiba vidogo kama nywele, vina ndoana, vikiingia kidoleni havitoki kirahisi. Kaktasi ndefu za kawaida, za jamii ya Cereus ambazo ndizo nyingi hapa mjini, hazina vijimiba hivyo.

---

Mkulima_Muheza

Mimi nina mashina ya lile tunda la joka, nilipanda kwenye nguzo. Ni kaktasi ile? Maana chipukizi zikitoka huwa nyekundu nyekundu na kuna vigamba pembeni.

---

MicheBarabarani

Ni kaktasi kaka, ya kutambaa. Na vigamba hivyo ndivyo vijani vyenyewe. Halafu chukua tunda lenyewe likiiva: yale magamba ya kijani yanayolifanya lifanane na joka nayo ni majani. Chini ya ua la kaktasi pamefunikwa na nyama ya shina, na shina lile linakuja na majani yake. Mtu anamenya tunda anatupa majani ya kaktasi kwenye ndoo ya takataka bila kujua.

---

Amani_Msituni

Wakuu, nachangia kutoka Amani, kule milima ya Usambara. Ukoo wote wa kaktasi ni wa Amerika, isipokuwa mmoja tu ambao unaota wenyewe pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Unaitwa Rhipsalis baccifera, na hapa Tanzania upo. Unaning'inia kwenye miti mikubwa kama nywele za kijani, hauna miiba ya kuonekana, na matunda yake ni meupe madogo kama shanga. Ndege hula matunda hayo na kupakaza mbegu kwenye matawi. Watu hupita chini yake kutwa wakidhani ni kamba za msituni.

Huku tuna bahati ya bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1902, miti ya kila pembe ya dunia. Lakini kwangu ile kaktasi iliyokuja yenyewe bila kuletwa na mtu ndiyo inayonisimamisha njiani.

---

Mama_Wawili_Sahare

Ya kwangu ipo sebuleni, kichwa kimekuwa chembamba kama mkia wa panya na rangi imepauka, karibu njano. Miiba midogo. Vijani navyo naviona. Ndiyo hali nzuri unayosema?

---

MicheBarabarani

Hapana dada, hapo kuna tatizo, lakini halitokani na vijani. Kaktasi yako inatafuta mwanga. Kichwa kipya cha kaktasi yenye afya hunenepa karibu sawa na shina la chini yake. Kikichongoka na kupauka, jua halitoshi. Itoe nje, lakini usiitoe siku moja ukaiweka kwenye jua la saa saba la Tanga, utaibabua. Ianzishe kibarazani kwenye jua la asubuhi, wiki mbili tatu, halafu uisogeze juani taratibu. Ile sehemu nyembamba haitanenepa tena ikafanana na chini, itabaki na kiuno. Ukitaka unaweza kuikata hapo. Huku ndiko kukata kwenye sababu.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba vimejibana penye vijani na areoli, ukivigusa vinapakaa, hao ni wadudu. Watoe kwa kitambaa na maji ya sabuni.

---

KijanaWaMakorora

Nimehesabu. Kingo tatu, miiba miwili miwili. Kumbe miaka minne nimefuga mnyaa. Swali: hivyo vijani vya kaktasi vina kazi gani basi kama vinakufa mapema hivyo?

---

MicheBarabarani

Kazi ya kutengeneza chakula imeshikwa na shina, ndiyo maana lina kijani mwili mzima. Shina hufungua vinyweleo vyake usiku, wakati hewa ina ubaridi, likavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, mchana likaitumia huku limejifunga. Jani pana la mchana kutwa lingelipotezea maji. Kwa hiyo jani limebaki dogo, na mchango wake kwa chakula ni mdogo sana. Lakini karibu mimea yote ya mbegu inajengeka hivyo: jani kwanza, jicho kwapani mwake. Kaktasi imepunguza jani mpaka mwisho, ila mpango wa jani na kwapa haikuuacha.

---

Fundi_Ngamiani

Na yule mama wa Chumbageni? Vile vichwa vimetupwa?

---

MicheBarabarani

Havikutupwa kaka. Nimevilaza kivulini juu ya gunia, vidonda vikauke wiki mbili mpaka vifanye ngozi. Baada ya hapo navipanda kwenye mchanga wa mto wenye kokoto, si mchanga wa pwani kwa sababu ya chumvi, na sivimwagilii mpaka vishike. Pia nilikwenda nyumbani kwake jioni. Mashina matano yamebaki vidonda vinatazama juu na mvua inanyesha, na maji yakituama hapo shina linaoza kwenda chini. Nikakata upya kwa kisu kisafi, safari hii kwa mshazari ili maji yateleze, nikapaka unga wa mkaa, tukafunika kwa vipande vya bati. Shina moja lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi ndani, nikalishusha futi nzima. Mama alisimama pembeni ameshika kanga mdomoni, hasemi kitu.

---

MicheBarabarani

Nimerudi kuwapa habari, wiki ya saba sasa.

Vichwa vinne kati ya vitano vimeshika mizizi. Kimoja kimeoza, nilikipanda mapema.

Mama kanipigia simu juzi baada ya alasiri, sauti yake juu: "Mwanangu njoo, imetoa!" Nikafunga kibanda nikaenda. Shina la pili kutoka ukutani, vidole vitatu chini ya pale nilipokata, areoli moja ya zamani imepasuka manyoya na katokeza kichanga cha kijani, mviringo, ukubwa wa kitufe cha shati. Kimetoka pale pale kwenye kifundo, kwapani mwa jani lililokauka miaka iliyopita. Nilimpa ile lenzi ya fundi saa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaibana jichoni, akatazama muda mrefu.

Akaniambia, "Kina majani sita." Nikahesabu naye. Yalikuwa saba, moja lilikuwa upande wa ukutani.